Shikamoo ya Wifi

Wifi yangu alinitukana mara ya kwanza siku ya harusi yangu, mbele ya mama yangu mzazi. Nilikuwa nimekaa nimeinamisha kichwa kama bibi harusi anavyotakiwa. Yeye akaingia, akanizunguka, akauliza kama kaka yake ameoa mke au ameokota korongo ziwani, maana miguu ile haikuwa ya mtu wa kubeba mimba. Mama nusura ainuke. Sisi ni watu wa mjini, baba fundi cherehani, babu alikuja na biashara kutoka Tabora, bibi asili yake Kongo, na kwetu harusini watu husema mashallah, wanakula pilau, wanaondoka. Shangazi wa upande wa mume akakimbia kumweleza mama kwamba huyu ni wifi, wifi ni mtani, na mtani asipokutukana ujue hakupendi. Mama akajibu kwamba kama huo ndio upendo, basi bora tuchukiwe. Mimi nikainua kichwa nikamwambia wifi kuwa miguu ya korongo ni nafuu kuliko paji la uso wake, ambalo lingetosha kuanikia dagaa. Akajipapasa paji. Halafu akacheka mpaka akashika ukuta, na tangu siku hiyo tukawa watani.

Naanza na utani kwa sababu bila kuujua hutaelewa jinsi mwanamke mzima alivyokaribia kufa katikati ya umati, mchana kweupe, watu wakimpigia makofi. Sheria kubwa ya utani wetu ilikuwa moja: tusi lijibiwe. Ukinyamaza umeshindwa, na wifi hakuwahi kushindwa. Mumewe alipofariki niliingia ndani nalia, nikamkumbatia, nikamwambia hata leo kanga yake imekaa kama pazia la kibanda cha chipsi. Na yeye huku machozi yanamtoka akanijibu kwamba pua yangu inavuja kuliko bomba la mtaa wa pili. Ndivyo tulivyopeana pole. Sheria nyingine ilifuatana na hiyo: mtani haamkiwi. Wifi amenizidi umri, lakini sikuwahi kumpa shikamoo hata siku moja, na ningempa angenipiga kwa mwiko.

Alikuwa anakaa Ilemela, Mwanza, juu kwenye mawe, nyumba ambayo unaifikia kwa kupanda kinjia kati ya majabali. Miaka yote alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Ananunua mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki asubuhi, anapanda na ndoo yake kichwani, anaongea njia nzima, na mimi nyuma yake sina hata mzigo lakini nahema. Halafu siku zake zikakoma, na haukupita muda mrefu akaanza kusimama katikati ya kilima. Anaegemea jiwe, anasema anaangalia ziwa. Nilimwambia mwanamke aliyezaliwa ziwani, aliyekula ziwa hilo tangu ana meno ya utoto, leo amekuwa mtalii. Akasema afadhali mtalii kuliko korongo. Jibu lilikuja, basi mimi nikaridhika.

Joto nalo likamwanza. Tumekaa tunachambua mchele, ghafla uso unalowa, anavuta mfuniko wa sufuria anajipepea, anataka mlango ufunguliwe, mara anataka ufungwe. Usiku hapati usingizi. Moyo unamwenda mbio bila sababu. Na hapa ndipo ninapoanza kukasirika, kwa sababu naijua kila sentensi aliyoambiwa, na hakuna hata moja iliyofaa kuambiwa mbuzi.

Waliokuja kwanza ni wanawake wenzetu, na hongera zao. Hongera, sasa umekuwa mwanaume, unaweza kukaa na wazee. Hongera, umepumzika. Umepumzika nini? Mtu mwili wake umebadilika ndani kwa ndani, ninyi mnampongeza kama amemaliza darasa la saba. Mmoja akasema joto lile ni damu chafu iliyokosa pa kutokea. Mwingine akasema ni jini mahaba, ameona mlango umefungwa ndiyo anagonga. Nikamuuliza kama jini huyo hana kwao. Kuhusu kifua, hapo kila mtu alikuwa daktari. Mwanaume wa Mwanza akishika kifua, ukoo mzima unakodi gari, ana moyo huyo. Mwanamke akishika kifua ana gesi. Akishika tena, ana vidonda vya tumbo. Akishika mara ya tatu ana mawazo, apunguze kuwaza. Moyo ni wa wanaume wenye vitambi; sisi tumepewa gesi na mawazo, na tunashukuru.

Zahanati walimpima wakakuta presha iko juu. Wakampa vidonge vya kumeza kila siku, wakamwambia asiviache hata akijisikia vizuri, apunguze chumvi, arudi wampime tena. Ilikuwa kauli ya kwanza ya maana na kwa muda aliifuata. Angeendelea kuifuata kama asingetokea yule mwanamke wa homoni.

Sijui nimweleze vipi bila kutema mate. Alikuwa jirani yetu wa zamani, aliyewahi kuuza mitumba, akauza sabuni za kung'arisha uso, akauza viwanja ambavyo havikuwepo, na sasa anauza unga kwenye makopo. Unga wa homoni. Alikuja na suti na kiatu cha kisigino, akapanda nacho majabali yale ya Ilemela, na kwa hilo tu nampa heshima. Alikuwa na mashine: kijiti cha chuma cha kushika mkononi, waya, na kompyuta ndogo. Unashika chuma, mashine inasoma mwili mzima kuanzia ubongo hadi ukucha, wewe unakunywa chai. Ikamsoma wifi. Ikasema homoni zimeisha, mishipa imekauka, moyo unalia kwa kukosa homoni. Dawa ni unga, kijiko asubuhi kijiko jioni, homoni zitarudi na moyo utakuwa wa msichana. Na vidonge vya presha? Yule mwanamke akatabasamu kwa huruma. Akasema vidonge ni kemikali, vinachosha figo, na mtu hawezi kuweka asili na kemikali kwenye mwili mmoja.

Nikamwita mume wangu, aliyekuwa nje anatengeneza bawaba ya mlango. Nikamwambia ashike chuma. Kwenye kompyuta yalikuwa bado yamejazwa maelezo ya dada yake, mwanamke, umri wake, kila kitu. Mashine ikamsoma vizuri tu. Ikasema kizazi chake kimechoka na mayai yamepungua sana. Nilicheka mpaka kanga ikanivuka. Wifi naye akacheka. Aliyekosa raha ni mume wangu, ambaye jioni aliniuliza kwa sauti ya chini kama hali hiyo inatibika.

Ungedhani biashara imeishia hapo. Wapi! Wifi alinunua kopo, akanunua la pili, na vidonge vya presha akavitia kwenye kikombe juu ya kabati. Nikamwambia. Nilimwambia kila nilipokwenda, na wala sikuficha. Nilimwambia unga ule ni uji wa watoto uliotiwa rangi. Nilimwambia atakufa, na paji la uso kama lile halitaenea kwenye jeneza. Alicheka, akanijibu kwamba mimi nitazikwa nimekunjwa miguu. Ndiyo shida ya kuwa mtani. Ukweli wote uliokuwa Ilemela ulikuwa mdomoni mwangu, na mdomo wangu ulikuwa mdomo wa kuchekwa. Mume wangu yeye, ambaye maneno yake yangeweza kusikilizwa, alisema mambo ya wanawake hayaingilii.

Kisha akafariki binamu yao, mtoto wa mjomba, ng'ambo ya Busisi. Alikuwa mtu mnene wa sauti kubwa, na alikufa kwa moyo, kifo cha heshima kabisa kwa mwanaume. Alishika kifua akiwa mezani tunakula naye, akaomba maji, akaenda. Tulizika. Siku ya kuanua matanga tukarudi tena, kwa sababu siku hiyo ni ya watani, na mtani mkubwa wa marehemu alikuwa wifi. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani hata kaburini. Kazi yake ilikuwa kumwigiza marehemu ili watu wafute machozi, na watu walikuwa wamekuja kutoka mbali kwa ajili ya hilo. Mume wangu alisilimu ili anioe, lakini ukoo wake haukusilimu, na mila zao mimi nazikuta kama nilivyokuta ziwa.

Asubuhi wakati tunaondoka Mwanza alisema amechoka. Hakusema anaumwa, alisema amechoka, na kwamba chai haimwingii. Aliniomba nimbebee mkoba. Wifi, aliyebeba ndoo za dagaa maisha yake yote, akaomba abebewe mkoba wenye kanga mbili na kopo la unga. Nikamuuliza kama mkoba una mawe. Akasema umejaa matusi yangu. Alijibu, basi nikaubeba tukaondoka.

Baada ya chakula akatoka ndani amevaa koti la marehemu, kofia yake, na fimbo yake. Uwanja ulilipuka. Alitembea kama yeye, tumbo mbele, akagombea firigisi ya kuku kama yeye, akamkemea mjane kwa kuchelewesha maji ya kunawa, na mjane mwenyewe, ambaye hakuwa amekula tangu mazishi, alicheka akajifuta uso na ncha ya kanga. Halafu akafika mahali palipokuwa pakingojewa. Akakaa kwenye kiti cha marehemu, akashika kifua, akatoa macho, akasema, "Nileteeni maji." Makofi, vigelegele. Akainuka, akainama kama mchezaji, watu wakataka arudie.

Akarudia. Ila safari hii alikaa kabla hajafika vizuri kwenye kiti, na mkono haukwenda kifuani. Ulikwenda kwenye taya. Kisha ukapita nyuma ya bega, kama mtu anayetafuta mahali pa kujikuna. Marehemu hakushika taya, nilikuwepo, alishika kifua. Nikadhani ameongeza madoido. Nikapaza sauti ili wote wasikie, nikamwambia marehemu alikuwa na aibu kuliko yeye, alikufa mara moja akanyamaza, na si kurudiarudia kufa kwa kutafuta makofi. Watu wakaangua kicheko, wakamgeukia yeye, wakingoja jibu.

Wifi hakunijibu.

Alinitazama tu. Tangu harusi yangu nimemtukana mwanamke yule kwenye harusi na misiba, kwenye foleni ya maji, kwenye wodi ya wazazi, na hakuna siku aliyowahi kunitazama bila neno. Wanawake nyuma yangu waliona jasho linavyomtiririka wakasema hizo ni homoni, umri huo, mpeni nafasi apate hewa. Nikavuka uwanja. Nikamshika mkono. Jasho la wifi nalijua, ni la moto, unaweza kupasia nguo. Hili lilikuwa la baridi, kama la samaki aliyetoka kwenye barafu.

Nikamwita mume wangu alete gari. Akacheka. Nikapiga kelele kwamba anakufa, dada yake anakufa, leteni gari. Na uwanja wote ukacheka zaidi. Walidhani na mimi nimeingia mchezoni, mtani wa mtani, nacheza mjane wa marehemu! Nilipoanza kulia kweli wakanipigia makofi. Mzee mmoja mwenye kofia ya pamba akasema hata huyu wa mjini sasa amejua, akanirushia sarafu miguuni. Yule mwanamke wa homoni alikuwepo pia, maana kwake msiba ni soko. Akaja na kikombe na kijiko, anakoroga, anasema ni homoni zimeshuka ghafla, akinywa zitapanda. Kikombe nilikipiga kikaruka. Nalo lilichekesha, nadhani ndilo lililochekesha kuliko yote.

Nilikuwa nalia na nilikuwa nawadharau wote, kila aliyekuwa pale na meno yake nje, na nilijua kwamba nikiendelea kulia atakufa huku wanacheka. Sikuwa na neno walilokuwa hawajalifanya mzaha. Ndipo nikapiga magoti kwenye vumbi mbele ya wifi, nikainamisha kichwa kama siku ile ya harusi, nikasema kwa sauti ya kawaida:

"Shikamoo, dada."

Kicheko kilikatika. Hakikupungua, kilikatika, tangu waliokaa mbele hadi waliosimama kwenye ua. Kila mtu wa ukoo ule alijua kwamba mtani haamkiwi, na kwamba aliyemwamkia mtani wake ametoka kwenye mchezo. Mume wangu alikuwa wa kwanza kuinuka. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. Mjane akaanza kupiga yowe. Wakambeba na koti la marehemu mwilini, hakuna aliyekumbuka kumvua.

Tulivuka daraja la ziwani kurudi Mwanza kwa kasi ambayo sitaki kuikumbuka. Miaka ile ya kivuko tungekaa kwenye foleni pale Busisi tunamtazama anakwisha, huku wauza karanga wanagonga vioo. Nilimlaza mapajani nikamtukana njia nzima. Nilitukana paji la uso, nikatukana dagaa wake, nikatukana makopo. Nilikuwa nangoja jibu na hakukuwa na jibu, macho tu.

Hospitali walimpokea, wakamtia waya kifuani, na kwa mara ya kwanza nikaona mashine inayosoma mwili bila kuuza kitu. Ilikuwa mshtuko wa moyo. Mshipa wa kupeleka damu kwenye moyo ulikuwa umezibwa. Daktari alikuwa binti mdogo, mchovu, mwenye miwani, na kama wote akaanza kumweleza mume wangu. Mume wangu akaitikia kwa kichwa kwa makini, kana kwamba yeye ndiye aliyekoma hedhi. Nikamwambia daktari anigeukie mimi, huyu kizazi chake kimechoka. Hakuelewa, lakini akanigeukia.

Alinieleza kwa lugha niliyoielewa. Kwamba mwanamke akiwa bado anaona siku zake, homoni yake ya estrojeni humsaidia, mishipa inakuwa laini, mafuta mabaya kwenye damu hayapandi ovyo. Siku zikikoma, homoni hiyo inashuka, msaada huo unapungua, mafuta yanapanda, presha inapanda, na mwanamke anaanza kumkaribia mwanaume kwenye ugonjwa ule ule anaoambiwa si wake. Tena mwili wake hausemi kila mara kama wa mwanaume. Anaweza kupata uchovu tu, au kichefuchefu, au maumivu ya taya na mgongo, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo akalale.

Nilimuuliza swali lililokuwa linanikera. Kama homoni ndiyo imeondoka, basi yule mwanamke wa makopo alisema kweli? Daktari akavua miwani akajifuta macho. Akasema dawa za homoni za kweli zipo, hutolewa na daktari kwa mwanamke ambaye joto linamtesa, mara nyingi mapema siku zinapokoma, baada ya kumpima. Hazitolewi kulinda moyo. Na kwa mtu mwenye umri na moyo wa wifi yangu, zinaweza hata kuongeza hatari ya damu kuganda. Kuhusu unga wa kwenye kopo, akasema hajui ndani yake kuna nini, na hata anayeuza hajui. Kilichomwangusha wifi hakikuwa unga. Ni vile vidonge vilivyokaa kwenye kikombe juu ya kabati.

Hapo ndipo dharau yangu ilipokomaa. Kumbe yule mwanamke hakuwa mwongo mtupu. Alikuwa ameokota kweli moja barabarani, kwamba homoni zikishuka moyo unakosa kinga, akaivisha suti na kuiuza kwa kopo. Mwongo mtupu unaweza kumkimbia. Huyu wa kweli moja ndiye anayeua watu. Alikuja wodini, nataka mjue hilo, alikuja na uji kwenye chupa na kopo jipya lenye mfuniko wa dhahabu, akasema hili ni la moyo moja kwa moja. Nilimsindikiza hadi getini nimemshika mkono kwa upole, na maneno niliyomwambia njiani hayaandikiki.

Wifi alikaa kimya. Walisema ataishi, ila moyo una kovu, hatabeba ndoo tena. Alikuwa anakula, anameza vidonge vyake, anageukia ukuta. Nilikaa kwenye benchi pembeni ya kitanda nikamtukana asubuhi na jioni, mpaka muuguzi akaniita nje akaniuliza kama kweli ni ndugu. Nilimwambia ni zaidi ya ndugu. Akasema basi nipunguze. Niliogopa, nakiri, kuliko nilivyoogopa kwenye gari. Nilifikiri nimemrudisha mtu nisiyemjua.

Jioni moja nikiwa namenya chungwa akasema, bila kugeuka, "Taya liliniuma tangu navaa koti."

Nikauliza kwa nini hakusema.

"Mlikuwa mnacheka. Yule mjane alikuwa anacheka. Nikasema ngoja nimalize." Akapumua. "Nilidhani ni gesi. Uliponiamkia ndipo nikajua nakufa."

Chungwa lilinidondoka. Nililia kwa hasira, hasira ya kweli, kwa sababu aliona afadhali afe kuliko kuharibu kicheko cha watu, na kwa sababu hilo ndilo tulilofundishwa wote, mimi na yeye, tangu siku tulipoambiwa kwamba maumivu yetu ni gesi na mawazo. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, na papo hapo tunamcheka anayeyaonyesha. Nikamwambia yeye ni mjinga, na ujinga wake hauna dawa hospitali yoyote. Sikuwa natania.

Akageuka pole pole, na zile waya zote. Akanitazama miguu, kisha uso.

"Ile shikamoo yako," akasema, "ichukue uondoke nayo. Siitikii. Nikiitikia nitakuwa dada yako, na dada hatukanwi. Korongo wewe."

Sasa amerudi Ilemela, amehamia nyumba ya chini ili asipande mawe, na dagaa anauza akiwa amekaa. Vidonge havikai kwenye kikombe. Mimi nami nimepimwa, kwa sababu siku zangu zilikoma baada ya zake tu, na presha yangu iko juu, na hapo alinicheka wiki nzima. Kila asubuhi kabla ya chai nampigia simu. Simuulizi ameamkaje. Namtukana, ananitukana, namuuliza amemeza, ananiambia amemeza, nakata.

Juzi nilipiga, akapokea, nikamwambia paji lake linaonekana hadi kwangu bila jua. Kimya. Nikasubiri. Nikasikia pumzi, na kikombe kikigonga meza, na bado kimya. Nikamrudia tusi lile lile, na halikujibiwa. Magoti yangu yakaenda yenyewe sakafuni, jikoni kwangu, peke yangu, simu sikioni.

"Shi..." nikaanza.

"Thubutu," akasema wifi. "Nilikuwa nameza dawa."